Jina la Mwalimu Riziki Kwenye Leseni

Odete alimpigia simu Mwalimu Riziki Jumatatu asubuhi, akiwa amesimama mbele ya ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji.

"Mwalimu, shikamoo. Leseni ya ghala la gesi imetoka. Imeandikwa mjumbe wa bodi alikuja, akakagua, akaridhika. Jina lako limo."

"Marahaba. Hebu soma tena, mwanangu, taratibu."

Odete akasoma tena. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Si tulipima wote, Mwalimu?"

"Tulipima, mara mbili," Riziki alisema, akakata simu.

Alikuwa amefundisha kemia Mtwara miaka thelathini na miwili. Alipostaafu, shemeji yake Kassimu, mume wa mdogo wake Amina, alipendekeza jina lake liingie kwenye bodi ya mamlaka inayodhibiti nishati. Kassimu alikuwa mwanasheria mwenye ofisi mtaa wa Chikongola, Mtwara mjini, na mjumbe wa bodi hiyo hiyo. Wajumbe hawakuwa waajiriwa wa mamlaka. Walikutana kila baada ya miezi mitatu, na kazi yao ilikuwa kuwahoji watendaji kabla jambo halijapitishwa. Riziki aliipenda kazi hiyo. Alisoma makabrasha yote, hata viambatisho ambavyo wenzake waliviacha ndani ya bahasha.

Kwenye kiambatisho kimoja ndipo alipokuta maombi ya kampuni iliyotaka kujenga ghala la gesi ya kupikia katika kijiji cha Namtende, karibu na mdomo wa Ruvuma. Maombi yalisema kutoka ghalani hadi zahanati ni mita mia tatu. Riziki hakuamini, akaenda mwenyewe. Odete, katibu wa kikundi cha akina mama wa korosho, ambaye wazazi wake walivuka mto kutoka Msumbiji, alimshikia ncha ya futi kamba. Walipima mara mbili. Zilikuwa mita mia moja na kumi na nne hadi ukuta wa wodi ya wazazi.

"Hii haitapita," Riziki aliwaambia wanakijiji waliokuwa wamekusanyika. "Nawapa neno langu."

Wiki ya kikao, mama yake mzazi alianguka, akavunjika nyonga. Riziki hakuweza kusafiri kwenda Dodoma. Alimkabidhi Kassimu mkononi ripoti aliyoiandika ya vipimo vile, aisome kikaoni.

"Nitaisoma neno kwa neno, shemeji," Kassimu alisema. "Wewe muuguze mama."

Sasa, saa chache baada ya simu ya Odete, Riziki aliingia ofisini kwa Kassimu bila kubisha hodi.

"Ripoti yangu uliisoma kikaoni?"

Kassimu alifunga mlango kwanza. "Kaa, shemeji."

"Sikai. Uliisoma?"

"Niliwaambia umekwenda, umeona. Waliniuliza kama una pingamizi, nikasema huna."

"Pale kuna wanawake wanajifungua, Kassimu!" Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina tupu.

"Mwezi wa tatu uenyekiti utakuwa wazi. Wakubwa wanaitaka hii miradi. Ningesimama na karatasi yako, ningeupoteza." Alishusha pumzi. "Na tuambiane ukweli. Nilipopeleka jina lako sikutafuta mtu wa kupima pima. Nilitafuta mtu wa nyumbani, mtulivu, asiyesumbua."

Kwa miaka miwili Riziki alikuwa akijiona amechaguliwa kwa sababu ya kile anachokijua. Alikuwa hata amemshukuru mtu huyu mbele ya ukoo mzima, siku ya maulidi, akalia kidogo.

Alitoka bila kuaga. Kesho yake akaenda Namtende. Watu hawakumkaribisha kiti. Mzee mmoja hakuupokea mkono wake. Hakuwalaumu. Alisimama akawaeleza yote, bila kumficha shemeji yake, kisha akampa Odete nakala ya ripoti.

"Mna siku ishirini na moja za kukata rufaa. Mimi nitakuwa shahidi wenu."

"Wewe si utafukuzwa?" Odete aliuliza.

"Nitafukuzwa."

Baraza la rufaa lilikaa Mtwara kwa siku mbili. Riziki alitoa ushahidi huku Kassimu ameketi safu ya mbele, akiandika kwenye daftari, asimtazame hata mara moja. Mpimaji wa baraza alikwenda Namtende na kurudi na mita zile zile. Leseni ikafutwa.

Baada ya wiki mbili Riziki alipata barua: uteuzi wake umetenguliwa kwa kutoa nyaraka za bodi nje. Kassimu aliwaeleza wenzake kwamba ile ripoti alipitiwa tu, nao wakaridhika. Mwezi wa tatu akawa mwenyekiti.

Amina alikuja mara moja nyumbani kwa Riziki, Mikindani, akakataa hata chai.

"Mngeyamaliza nyumbani, dada. Umemwanika mume wangu mbele za watu."

"Alilitumia jina langu, Amina."

"Ndiye aliyekuweka pale!"

"Najua," Riziki alisema. "Ndicho kinachoniuma."

Amina alivuta mtandio wake kichwani, akavaa viatu mlangoni, akaondoka. Idi iliyofuata hakuja, wala hakupiga simu. Riziki alipika pilau kama kawaida, kisha akagawia majirani sehemu kubwa, maana kilikuwa chakula cha watu wengi.