Mama Subiri na Chemba Inayofuka

Baba Shimo alikuwa na msonyo wa kila mtu. Waajiriwa wapya aliwasonyea kwa ufupi, kama mtu anayetema kokwa. Madereva aliwasonyea kwa kuvuta kidogo. Lakini msonyo mrefu kuliko yote, ule unaoanzia kooni na kumalizikia puani, alimwekea Kapteni, mwanamke aliyeletwa kuongoza kikosi chao cha zimamoto. Baba Shimo ndiye aliyempachika jina la Mama Subiri.

"Tukifika tu, subirini. Moto unawaka, subirini," alikuwa akisema kantini huku mdomo umejaa chai. "Huyu hata siku ya kujifungua atamwambia mtoto asubiri."

Wenzake walicheka. Si kwamba wote walimpenda, ila ni nani angemnunia mtu aliyewahi kushuka shimoni? Maana jina lake lilitoka huko. Zamani, akiwa bado na nywele zote, moto ulizuka ndani ya chemba ya umeme, shimo la nyaya chini ya mtaa wa soko. Wengine walisimama mbali wakitazama moshi. Yeye alishuka na kizimia moto kimoja, akazima, akatoka mweusi kama sufuria ya kuni, mzima. Tangu siku hiyo hadithi ile ilikuwa ikinenepa. Mwanzoni alishuka ngazi. Siku hizi alikuwa amejirusha.

Alikuwa mtu wa sala, hilo halina ubishi. Kila asubuhi alipiga magoti kando ya kitanda, akamshukuru Mungu kwa kumuumba bila woga, na kabla ya kusema amina akamtajia waoga wote wa kikosi, mmoja mmoja, kana kwamba Mungu hakuwa na habari zao.

Siku hizi wa kwanza kutajwa alikuwa mkwe wake. Binti yake, kati ya wanaume wote waliojaa duniani, alikuwa ameolewa na mzimamoto wa kikosi hichohicho, kijana mpole aliyejua kukunja mipira ya maji na kukagua mitungi ya hewa. Kikosi kizima kilimwita Mkwe, hata wasio na binti. Mkwe alimheshimu baba wa mkewe kupita kiasi. Alimbebea kofia na kumwachia kiti, na kila Baba Shimo alipoisimulia hadithi ya shimo yeye aliisikiliza kama ndiyo kwanza inaanza. Yote hayo yalizidi kumchefua mzee.

"Anakunja mipira vizuri," alimwambia mkewe. "Kama nguo za kwenye kabati. Mjukuu wangu atazaliwa amekunjwa."

Alasiri moja simu ikalia kituoni: kulikuwa na moshi unaotoka kwenye mfuniko wa chuma katikati ya mtaa wa maduka. Wakapanda gari. Walipofika, moshi wa kijivu ulikuwa unapenya pembeni mwa mfuniko, na watu walikuwa wameuzunguka karibu, wengine wameinama kuchungulia kama wanaonja mchuzi. Dereva akasimamisha gari palepale, karibu, vile alivyozoea.

Kapteni akatoa kichwa dirishani. "Rudisha gari nyuma. Umesimama juu ya chemba nyingine."

"Lakini afande, hii haifuki."

"Bado. Zimeunganishwa na mabomba huko chini. Moshi ukipita humo, mfuniko wa jirani nao unaweza kuruka. Rudi."

Gari likarudi nyuma, na Baba Shimo akasonya ule mrefu.

Kapteni aliwaondoa watu, akaamuru utepe ufungwe mbali, mbali mno kwa maoni ya Baba Shimo, hata mtu aliyesimama kwenye utepe hakuweza kuona kinachofuka. Kisha akawakusanya. "Nisikilizeni. Hakuna kufungua mfuniko. Hakuna kumwaga maji. Hakuna kuvuka utepe. Kila waya uliomo humo tuuhesabu una umeme, mpaka fundi wa shirika la umeme aniambie mwenyewe, kwa mdomo wake, kwamba umezimwa. Hatari ya sasa iko kwenye vyumba vya chini ya maduka. Hewa ya sumu inafuata mabomba ya nyaya, inaingia humo, na haina harufu."

Akachukua kipima gesi, kijidude cha manjano ambacho kikosi kilikiita Kichanga kwa sababu ya kilio chake, akavaa mtungi na barakoa, akamchukua mzimamoto mmoja. Akiwa anaondoka akageuka. "Mzee, wewe linda utepe."

Alinde utepe, yeye, kama bawabu wa ukumbi wa harusi.

Kumbe kulikuwa na mtu mwingine asiyeridhika. Ng'ambo ya barabara, kwenye ngazi zinazoshuka chini ya duka la mapazia, alisimama fundi viatu na aproni yake ya ngozi, nyundo mkononi. Karakana yake ilikuwa huko chini, na mkewe alikuwa humo akishona soli.

"Ninyi zimamoto mmekuja kuzima au kutazama?" akapaza sauti. "Maana kutazama hata sisi tunaweza, tena bila kofia!"

Watu wakacheka. Baba Shimo alipaswa kumwambia mtu yule atoke kwenye ngazi na amtoe mkewe chini. Badala yake akajisikia amepata mwenzake.

"Tuna kiongozi wa kisasa, fundi," akamjibu. "Anausubiri moto uchoke."

"Wanaume wa zamani wameishia wapi?"

"Mmoja unaongea naye. Mimi niliingia humo ndani, unasikia? Chemba kama hiyohiyo. Sikuuliza mtu."

"Sasa leo unalinda uzi!"

Kicheko safari hii kilimwangukia yeye. Kikamchoma. Akatafuta wa kukibeba, akamwona Mkwe amesimama hatua chache kutoka kwake, mikono nyuma.

"Unasikia tunavyochekwa?" akamwambia. "Wakati wangu mtu angeshashika mtaimbo zamani. Unainua mfuniko, unanyunyiza dawa ya kizimia, kwisha habari, tunarudi kula."

"Baba, afande amesema tusubiri."

"Afande amesema! Mtoto wa binti yangu akizaliwa nitamwambia nini? Baba yako alikuwa shujaa wa kushika utepe? Nilimwambia mke wangu toka mwanzo, binti yetu ameolewa na mkunja nguo."

Fundi viatu akaangua kicheko mpaka nyundo ikamdondoka. Mkwe aliinamisha macho kama kawaida yake, kisha akaenda zake kuelekea kwenye gari. Baba Shimo akadhani amekwenda kununa.

Ndipo gari dogo la shirika la umeme likafika. Akashuka fundi mtu mzima, kitambi mbele, mkoba begani, anatafuna kitu.

"Kapteni wenu yuko wapi?"

"Yuko kwenye vyumba vya chini, anabembeleza Kichanga," Baba Shimo akasema. "Vipi, umeshazima?"

"Wenzangu wanazima huko kituo kidogo cha umeme. Hawajanithibitishia bado." Akamtazama vizuri, akaacha kutafuna. "Hebu. Wewe siye yule wa mtaa wa soko? Yule aliyeshuka?"

Kifua cha Baba Shimo kikajaa. Akahakikisha fundi viatu anasikia. "Ndiye mimi."

"Ee Mungu wangu!" Fundi wa umeme akampiga bega kwa furaha ya kweli. "Tulikucheka mwezi mzima! Ndugu yangu, ulishuka kwenye laini iliyokufa. Nilikuwa nimeizima mwenyewe kabla hujakanyaga ngazi. Huko chini ulikuwa umebaki mpira wa waya unafuka, ungezimika wenyewe kabla ya chai. Nikamwambia kiongozi wenu wa siku hizo, akasema, mwache, kijana amefurahi."

Baba Shimo akafungua mdomo. Hakuna msonyo uliotoka.

"Amefurahi," fundi akarudia, akifuta machozi ya kicheko.

"Na hii?" Baba Shimo akauliza kwa sauti ndogo. "Hii ya leo?"

Fundi akaacha kucheka. "Hii iko hai. Waya umeungua na gesi imejaa humo chini, imekosa hewa tu. Atakayeinua ule mfuniko anaipa hewa, na sitaki kuwepo."

Baba Shimo akageuka kulitazama gari. Mlango wa vifaa ulikuwa wazi. Mahali pa mtaimbo palikuwa tupu.

Mkwe alikuwa ameshavuka utepe. Alikwenda taratibu, mtaimbo mkono mmoja, kizimia moto mkono mwingine, mgongo umenyooka kama mtu anayepita mbele ya wakwe. Na kweli alikuwa anapita mbele ya mkwe.

"Mkwe!" Baba Shimo akaita. "Wewe! Rudi!"

Kijana hakugeuka. Na kwa nini angegeuka? Kwa miaka yote sauti ile ilikuwa ikimrushia kejeli. Labda alidhani ni nyingine, au ni jaribio, aone kama ataogopa.

"Rudi, nimesema!"

Mkwe akaongeza mwendo. Baba Shimo akaona kwamba amri haitamrudisha, wala matusi, maana matusi ndiyo yaliyomfikisha pale. Kilichokuwa kinamvuta kijana kwenye mfuniko ule kilikuwa hadithi ya shimo. Mungu wangu, akasema moyoni, na safari hiyo hakumtajia Mungu jina la mtu yeyote.

"Subiri!" akapiga ukelele. Wazimamoto wote wakageuka, kwa sababu neno lile halikuwahi kutoka kinywani mwake ila kwa mzaha. "Subiri, mwanangu! Hakukuwa na umeme! Kule sokoni waya ulikuwa umekufa! Sikufanya lolote, unanisikia? Baba Shimo hakufanya lolote!"

Mtaa mzima ulisikia. Fundi viatu alisikia.

Mkwe akasimama. Akamtazama baba wa mkewe kwa mshangao, labda kwa lile neno mwanangu kuliko mengine yote. Kisha akashusha mtaimbo, akaanza kurudi, kwanza polepole, halafu kwa haraka.

Hakuwa amefika kwenye utepe mfuniko uliporuka. Haukungoja mtu wa kuufungua. Ardhi ilikohoa, ulimi wa moto ukapanda, na kile chuma ambacho watu wawili hukinyanyua kwa taabu kikaenda juu kama kifuniko cha birika, kikashuka, kikapasua lami. Pale dereva alipokuwa amesimamisha gari mwanzo, mfuniko wa pili nao ukaruka kidogo, ukakaa upande. Mkwe alianguka kifudifudi. Baba Shimo akainama chini ya utepe, akamkamata mikanda ya mtungi wa hewa mgongoni, akamburuta mpaka nje.

"Umeumia?"

"Masikio yanalia, baba."

"Yaache yalie."

Kapteni akatokea mbio kutoka vyumba vya chini. Aliutazama mtaimbo uliolala barabarani ndani ya utepe, akawatazama wawili wale. "Nani alivuka?"

"Mimi ndiye niliyemtuma," Baba Shimo akasema. "Kwa mdomo."

Akasubiri adharauliwe. Alikuwa tayari; angeijua kila hatua ya dharau ile, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiipika kila siku. Lakini Kapteni hakuwa na muda wa kumpa hata hiyo. Alimwambia Mkwe akae akaguliwe, akampa Baba Shimo kipima gesi.

"Hilo tutaliongea kituoni. Upande wa ng'ambo sijamaliza. Vaa mtungi uje."

Kichanga kilianza kulia wakiwa ngazi ya juu tu ya karakana ya viatu. Walipofika chini kililia kama kimechomwa sindano. Fundi viatu alikuwa amekimbilia humo mlipuko ulipotokea, na sasa alikuwa ameketi kwenye kigoda, uso umemlegea. Mkewe alikuwa ameegemea ukuta, soli bado mapajani.

"Kichwa kinanigonga tangu mchana," mama yule akasema kwa ulimi mzito.

"Tokeni nje," Baba Shimo akasema kupitia barakoa. "Hewa hii inaua."

"Sisikii harufu yoyote," fundi akanung'unika. "Si wewe mwenyewe uliyesema hawa ni waoga?"

"Ndiyo, nilisema. Toka kwanza, utanitukana ukiwa juu."

Kapteni alimshika mama, Baba Shimo akamshika fundi kwapani. Alikuwa mzito, na njia nzima alilalamika kuhusu viatu vya wateja. Juu, hewani, alitapika kando ya barabara, kisha akaketi karibu na mkewe, wakawekewa barakoa za oksijeni. Mama alipoanza kufumbua macho vizuri, wa kwanza aliyemtafuta alikuwa mumewe, na wa kwanza kumfokea akawa huyohuyo.

Fundi wa umeme alikuja na kumwambia Kapteni, kwa mdomo wake mwenyewe, kwamba laini imezimwa. Hata hapo Kapteni hakumruhusu mtu kusogea. Moto ulikuwa bado unaramba ndani, na vyumba vilikuwa havijatoka hewa ya sumu.

Mkwe alikuja, pamba masikioni, akasimama kando ya baba wa mkewe kwenye utepe. Kofia ya kijana ilikuwa imemdondoka kando ya utepe alipoburutwa. Mzee alikuwa ameiokota, na sasa alikuwa ameishika bila kujua.

Punde fundi viatu akavua barakoa, akajikongoja mpaka kwenye utepe na kuuinua.

"Nashuka dakika moja. Kuna viatu vya bwana harusi."

"Subiri," Baba Shimo akasema.

"Nisubiri nini? Si umeme umezimwa?"

"Subiri afande apime."

Fundi viatu akamtazama kuanzia kofia hadi buti. Kisha akasonya, msonyo ulioanzia kooni na kumalizikia puani, mrefu, wa mtu mzoefu. Baba Shimo akaupokea wote mpaka mwisho, akaushusha utepe.