Wiki ya Kaskazini

Tangu Jumatano Jorrit alikuwa na jambo la kumwambia binti yake, na sasa ilikuwa Jumapili.

Ukilipima jambo lenyewe na mambo ya dunia, halikuwa kubwa. Hakuna aliyekufa. Maji hayakuvunja tuta. Ila Fenne, mwenye miaka kumi na mmoja, alikubali kuhama kutoka mji wa Zwolle kwa sharti moja tu, na baba yake alikuwa amelivunja sharti hilo bila kujua, kwa kupeana mkono na mama mmoja wa Austria.

Siku walipomweleza habari za kuhama, Fenne hakulia. Alikaa kwenye ngazi akasikiliza yote: kazi mpya ya mama yake huko Utrecht, nyumba mpya, shule mpya. Kisha akauliza, "Na wiki ya theluji na Jildou?"

"Hiyo haiguswi," Jorrit alisema.

Jildou alikuwa binti wa Tjeerd, kaka yake Jorrit aliyebaki Zwolle. Tangu watoto hao wajue kusimama juu ya mbao za kutelezea, kila Februari walilala kitanda kimoja chini ya paa la nyumba ya Bi Moser, kule milimani Tirol. Utrecht Fenne alikuwa hajaleta rafiki hata mmoja nyumbani. Mwalimu wake alisema kwamba wakati wa mapumziko hubaki maktaba akipanga vitabu. Alisema hivyo kwa kumsifu.

Kwa Bi Moser nafasi haiwekwi kwa kompyuta. Asubuhi ya kuondoka unarudisha funguo, unapewa chupa ya jamu, unamshika mkono mwenye nyumba na kusema, "Mwakani, wiki yetu." Naye hujibu, "Wiki yenu." Ndivyo Jorrit alivyofanya Februari iliyopita. Kiangazi wakahama.

Sasa, nchi yao ni ndogo, lakini serikali imeikata mapande matatu, kaskazini, kati na kusini, na shule hufungwa kwa zamu ili watu wote wasijikute kwenye barabara moja ya kwenda Austria. Zwolle ni kaskazini. Utrecht ni kati. Kutoka mji mmoja hadi mwingine ni mwendo wa saa moja kwa gari, na wiki nzima kwa likizo. Jorrit aligundua hayo Jumatano, langoni mwa shule, mwalimu alipomwuliza watakwenda wapi Februari, kisha akaitaja tarehe: wiki moja baada ya ile waliyoahidiana na Bi Moser. Jorrit alitabasamu, akashukuru, akapanda baiskeli yake akaenda zake.

Kazi yake ilikuwa kupanga ratiba za mabasi. Tangu siku hiyo hakuwa ameitaja kazi hiyo mbele ya mtu.

Kila Novemba familia ilikutana katika ukumbi wa theluji ulioko kando ya barabara kuu. Mtu wa nchi tambarare akikaa mwaka mzima bila mteremko, miguu husahau. Nje mvua ilinyesha, ndani mashine zilitema theluji, na wakubwa walikaa mkahawani nyuma ya kioo, wakinywa kahawa na kugawana mizigo: nani abebe jibini, nani siagi ya karanga, nani viazi. Austria vyakula vinauzwa, lakini watu wa Zwolle hawajawahi kuona sababu ya kuvinunua.

"Viazi ni zamu yako," Tjeerd alimwambia mdogo wake. "Na usituletee vile vya watu wa Utrecht, vidogo kama gololi."

"Viazi ni viazi."

"Haya, msikilizeni mtu wa mjini!"

Mama yao, Bi Grietje, alikuwa akitoa mikate aliyoipaka siagi nyumbani, moja moja kutoka kwenye mkoba wake, chini ya tangazo lililokataza watu kuja na chakula. Marloes, mke wa Jorrit, alimtazama mumewe.

"Mbona hunywi kahawa?"

"Kuna jambo," Jorrit alisema. Akalisema lote, bila kupumzika.

Nyuma ya kioo Fenne na Jildou walikuwa wakivutwa na kamba kwenda juu, bega kwa bega.

"Ngoja kwanza," Tjeerd alisema. "Wewe. Bwana Ratiba."

"Ndiyo."

"Mtu anayejua basi la Meppel linapita saa ngapi siku ya Krismasi."

"Siku ya Krismasi halipiti."

"Si unaona!"

"Umejua lini?" Marloes aliuliza.

"Jumatano."

"Jumatano ulikaanga samaki huku unaimba."

"Nilikuwa nafikiri."

Likafuata baraza. Tjeerd alianza kwa kushauri Fenne na mdogo wake, Siebe, waugue wiki ile, homa tu ya kawaida. Marloes akamwambia kwamba afisa wa utoro si mjinga: watoto hawaendi kuugua homa wakarudi na uso uliobabuka kwa jua, na duara mbili nyeupe za miwani.

"Basi sherehe," Tjeerd alisema. "Wazazi wakitimiza miaka kumi na miwili na nusu ya ndoa, nusu ya jubilei ya fedha, shule inatoa ruhusa."

"Siku moja, shemeji. Na tulishatimiza. Ulikuja, ukala keki vipande vitatu."

"Vilikuwa vyembamba."

Kulikuwa na ruhusa nyingine inayojulikana na kila mzazi, na kila mmoja pale mezani akawa anatazama kitu kingine, ilmradi asimtazame Bi Grietje.

"Msiba wa bibi unapewa siku mbili," alisema Bi Grietje, akikunja karatasi ya mkate. "Nilishauliza zamani. Kwa siku mbili mtafika, mtavaa viatu, mtageuza gari. Mzazi ndiye anayepewa siku nyingi. Kwa hiyo afe Jorrit."

"Mama!"

"Mimi nasema sheria inavyosema, mwanangu. Kula mkate."

Jorrit aliula. Tjeerd alikuna kichwa akakiri kwamba upande wake pia hapakuwa na njia. Jildou naye alikuwa na shule, na shule ya Zwolle haikuwa na huruma zaidi ya ile ya Utrecht.

"Nenda kamwambie mtoto," Marloes alisema.

"Nilitaka kwanza nipate suluhisho."

"Suluhisho la nini? Mwenzio hata hajui kama ana tatizo. Siku nne unambebea tatizo lake mfukoni, Jorrit. Mpe, ni lake."

Hakuna aliyeruhusiwa kukanyaga theluji bila glavu, na Jorrit hakuja na zake. Mama yake akatoa za kwake mkobani akampa, za sufu, zambarau. Akaingia kwenye baridi na viatu vyake vya ngozi, akasimama chini ya mteremko kama mtu anayesubiri mgeni kituoni. Wasichana walishuka, wakakata kona moja, wakasimama mbele yake na kumrushia unga wa theluji magotini.

"Baba, umevaa glavu za Bibi."

"Ndiyo. Njoo kidogo. Na wewe Jildou, usiende."

Akawaambia. Alitumia maneno machache kuliko aliyoyapanga, kwa sababu yale aliyoyapanga yote yalikuwa ya kujitetea.

"Si ulisema haiguswi," Fenne alisema.

"Nilisema."

"Umejua lini?"

"Jumatano."

"Jumatano tulipaka mbao zangu nta. Mimi na wewe."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unapaka huku unajua."

"Nilikuwa najua."

Fenne hakuinua miwani yake, ila baada ya muda miwani ilianza kuingia ukungu kwa ndani. Jildou alishika ncha ya fimbo ya mwenzake, akaishikilia tu.

Jorrit alikuwa na sentensi tayari: kwamba ni mwaka mmoja tu, kwamba mwakani atapanga vizuri. Akaimeza. Mtu aliyevunja ahadi hana haki ya kuja na ahadi nyingine mkono wa pili.

"Alhamisi nilimpigia Bi Moser," alisema. "Wiki yetu mpya nyumba ina watu. Kaka yake ana vyumba viwili juu ya zizi. Vinanuka kidogo. Kama hutaki kwenda kabisa, niambie. Hutalazimishwa."

Ni Jildou aliyezungumza kwanza. "Baba Mdogo, sisi tunatoka kule Jumamosi, sivyo? Na nyie mnafika Jumamosi hiyohiyo?"

"Hiyohiyo."

"Kwa hiyo tutapishana barabarani."

"Itakuwa hivyo."

"Tutapungiana mikono," Fenne alisema kwa sauti kavu. Kisha akainua miwani. Macho yalikuwa mekundu, lakini yalikuwa kazini. "Jildou, shule unarudi lini?"

"Jumatatu."

Wakatazamana. Jorrit aliona kwamba walikuwa wameshaelewana na yeye bado yuko nyuma.

"Kina Jildou wasiondoke Jumamosi," Fenne alisema. "Waondoke Jumapili. Na sisi tusingoje Jumamosi, tutoke Ijumaa nikimaliza shule."

"Ijumaa ile nusu ya nchi itakuwa barabarani, Fenne. Tutaendesha mpaka asubuhi."

"Ndiyo, Baba."

"Na Jumamosi mtalala wapi? Familia mbili, vyumba viwili."

"Sisi tunaweza kulala chini," alisema Jildou. "Na ng'ombe wanaleta joto."

Jorrit aliihesabu kichwani, kwa mazoea ya kazi, akitafuta mahali ratiba hiyo itakapokwama. Ilikuwa mbaya kwa kila mtu mzima. Haikukwama popote.

"Ni siku moja na kipande," alisema. "Si wiki."

"Najua si wiki. Na bado nimekukasirikia."

"Sawa."

"Nitakukasirikia mpaka tufike."

"Ni mbali."

"Najua ni mbali." Fenne alirudisha miwani usoni. "Siku nyingine ukikosea, uniambie siku hiyohiyo. Hata kama hujapata la kufanya."

"Nitakuambia."

"Haya, nenda kamwambie Baba Mkubwa habari ya Jumapili. Mwambie wewe, si mimi."

Wakageuka wakaelekea kwenye kamba. Jorrit alisimama akiwatazama wakivutwa kwenda juu, vichwa vimekaribiana, wote wawili wakizungumza kwa wakati mmoja. Katikati ya njia walicheka. Hakujua wanamcheka nani, ingawa alikuwa na wazo. Nyuma ya kioo Tjeerd alikuwa amemkazia macho, kikombe mkononi, hajui kwamba Jumapili yake imeshapangwa.

Jorrit alikung'uta theluji viatuni, akaingia ndani.