Upande wa Rangi Mbichi

Mstari ulichorwa katikati ya barabara siku ya Jumanne, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na mapumziko ya nusu saa ya chakula. Ulikuwa mweupe, upana wa kiganja, na ulikula ndoo kumi na nne za rangi. Aliyeuchora aliitwa Kamba, kwa sababu kabla ya kuchora alitandaza kamba iliyopakwa chaki, akaivuta, akaiachia ipige lami mara moja, na alama iliyobaki ndiyo aliyoifuata. Wachoraji wenzake wa idara ya barabara walikisia kwa macho. Kamba hakukisia. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kupindisha mstari hata mmoja, na hilo alilikumbuka vizuri kuliko tarehe yake ya kuzaliwa.

Agizo lilitoka juu. Madereva walikuwa wamelalamika kwamba watu wa barabara ile wanavuka popote wanapojisikia, na ni kweli walikuwa wanavuka. Ilikuwa barabara ya kukaa kuliko ya kupita. Kinyozi alikuwa na kioo chake upande wa kulia na benchi la wateja upande wa kushoto, kwenye kivuli. Zamu ya mteja ikifika, alivuka. Wacheza drafti walihamisha meza yao asubuhi na alasiri wakilikwepa jua. Mume akigombana na mkewe alivuka akakae upande wa pili mpaka hasira zishuke, na kwa kuwa mtaa mzima ulikuwa unamtazama, hasira zilishuka upesi. Mkuu wa idara aliyaona haya kupitia dirisha la gari. Alisema huu si mji, huu ni ua wa nyumba ya mtu.

Kamba aliishi na mama yake upande wa kushoto. Mama alikuwa fundi wa sare za shule. Cherehani yake ilikaa barazani, na mguu wake wa kulia ulikuwa ukikanyaga pedali tangu Kamba hajazaliwa. Mguu huo ulikuwa na kidonda. Mama alikuwa na sukari, na kidonda kilitakiwa kusafishwa kila baada ya siku moja kwenye zahanati iliyokuwa upande wa kulia, mkabala kabisa na baraza. Zilikuwa hatua ishirini na mbili kwa mguu mzima, thelathini na tano kwa mguu ule.

Toroli la rangi lina mpini upande wa kulia. Mchoraji hutembea upande huo, rangi mbichi ikiwa kushoto kwake, na haivuki hata nyumba yake iwe inaungua. Hilo ndilo somo la kwanza la kazi. Kamba alilifuata siku hiyo kama siku zote. Saa kumi na moja aliosha brashi, akakaa ukingoni kusubiri rangi ikauke, kisha akainuka kwenda nyumbani kula. Mguu ulitoka, ukafika juu ya mstari, ukarudi ulikotoka. Akajaribu wa pili. Wa pili nao ukarudi.

"Mama," aliita, "chakula changu kifunike."

"Unakwenda wapi?"

"Siendi popote. Mstari haunipitishi."

Mama aliacha kukanyaga pedali. Aliutazama mstari kuanzia stendi mpaka pale macho yake yalipokomea.

"Umenyooka lakini," alisema.

Kesho yake mambo yalijulikana. Aliyekuwa kushoto rangi ilipokauka alibaki kushoto, na wa kulia vivyo hivyo. Vitu vilipita. Paka walipita, pesa zilipita, matusi yalipita. Dereva mmoja mjuaji alijaribu kukatiza na gari. Gari lilivuka likagonga nguzo ya umeme, yeye akabaki ameketi juu ya lami, mikono mbele, akikata kona. Walioamua kuzunguka walitembea hadi mwisho wa mstari, na walipofika mwisho nao ulikuwa umesogea mbele. Baada ya wiki waliacha, kwa sababu viatu navyo vinanunuliwa.

Kamba alihamia stoo ya rangi, akalala juu ya maturubai. Alikwenda kwa msimamizi wake, mtu mwenye kalamu tatu mfukoni, akaomba kivuko.

"Kivuko kipo awamu ya pili," alisema msimamizi.

"Awamu ya pili ni lini?"

"Ikiisha ya kwanza."

"Ya kwanza si imeisha, bosi? Mimi ndiye niliyeimaliza."

"Imeisha kuchorwa. Haijaisha kwenye mafaili."

Alipigwa danadana miezi minane. Alijaza fomu, fomu ikahitaji sahihi za wakazi wa pande zote mbili, na karani akasema wa kushoto lazima waje kusaini wenyewe ofisini. Ofisi ilikuwa kulia.

Miezi minane inatosha kutengeneza aina mbili za watu. Wa kulia walianza kusema kwamba wa kushoto wana kelele. Wa kushoto walisema wa kulia wana maringo tangu zamani, na wazee waliapa kwamba waliliona hilo hata kabla. Wacheza drafti waligawana kete. Kila upande ukabaki na rangi moja, wakacheza hivyo hivyo, na hakuna aliyeshinda wala kushindwa. Mwanamume aliyekuwa ananyolewa siku ya rangi alipanga chumba nyuma ya kinyozi, akaendelea kutembea na taulo shingoni maana lilikuwa nguo yake pekee ya kubadilisha. Mkewe alikaa ng'ambo na watoto. Mwanzoni walipungiana mikono kila asubuhi, baadaye siku za Jumapili. Magari yalipita kwa kasi nzuri. Mkuu wa idara alileta wageni wajionee.

Siku za kidonda, mama wa Kamba alitoa kigoda chake akakiweka kando ya mstari, na muuguzi akaja upande wake na kiti cha zahanati. Muuguzi alikuwa mwanamke wa miaka hamsini asiye na subira na mtu. Alijaribu mara moja kunyoosha mkono, mkono ukamrudia kifuani. Basi akawa anarusha pamba na dawa, na kuelekeza kwa mdomo.

"Bonyeza pembeni, mama. Kuna usaha?"

"Upo."

"Rangi gani?"

"Njano."

Waliokuwa wanangoja zamu walisikia yote, kwa hiyo pande zote mbili zilijua hali ya mguu ule kama zinavyojua bei ya mkate. Kamba alisimama nyuma ya muuguzi akishika trei. Aliumia. Nyakati nyingine aliona afadhali angeipindisha ile kazi, lakini wazo hilo aliliacha, akainyoosha trei mikononi.

"Huu mguu lazima niushike," muuguzi alimwambia Kamba pembeni. "Kuna nyama iliyooza ya kukatwa. Nikiupata mezani kwa nusu saa tu, unapona. Nisipoupata, ndugu yangu, usije ukaniuliza."

Mwezi wa tisa, lori la saruji lilifunga breki mbele ya kinyozi. Matairi yalichubua mstari, yakaacha pengo la hatua mbili hivi. Kuku alipita, na hilo halikuwa jambo. Kisha yule mwenye taulo akaweka mguu kwenye pengo, mguu usirudi. Alivuka akaenda kwake bila kuaga.

Watu walipanga foleni pande zote mbili, kimya kabisa, wakijua kelele huita wakubwa. Muuguzi alitoka mbio mpaka ukingoni.

"Mama wa sare! Njoo sasa hivi! Pengo hili hapa!"

"Namalizia pindo," mama alijibu kutoka barazani.

"Pindo litangoja, mama!"

"Sketi ina mwenyewe. Nimebakiza upande mmoja."

Ndivyo alivyokuwa. Mshono akishauanza haukati katikati, na kwa sheria hiyo hiyo ndivyo alivyomlea mwanawe, akimpiga vidole kwa futi ya mbao kila alipoacha kazi nusu. Alimaliza pindo, akakata uzi kwa meno, akaikunja sketi. Ndipo akachukua fimbo. Mbele yake kwenye foleni kulikuwa na watu arobaini, na wote walimpisha. Zilibaki hatua thelathini na tano mpaka kwenye pengo.

Wakati huo gari la idara lilikuwa limefika, likiwa na Kamba, msimamizi na ndoo moja. Mgeni mkubwa angepita saa sita. Kamba njiani alikuwa amepanga: atatandaza kamba polepole, atachelewa, mama atapita. Aliitandaza. Akaikunja akaitandaza tena. Aliikoroga rangi iliyokwisha korogwa. Watu walipita, mmoja huku mmoja kule, na mama alikuwa amefika hatua ya kumi na tano.

"Unachora au unapika?" aliuliza msimamizi.

"Bosi, nisubirie mama mmoja tu. Yule pale mwenye fimbo."

"Nani yule?"

"Mama yangu."

Msimamizi alimtazama yule mama, akatazama saa.

"Kila mtu kwenye foleni hii ana mama," alisema. "Huwezi, sema. Yupo kijana garini, anakisia kwa macho, atamaliza mara moja."

Kwenye gari kweli kulikuwa na mchoraji mwingine, ameegemeza kichwa kwenye kioo. Kamba alimjua. Mistari yake ilikuwa kama njia ya mlevi. Angeziba pengo lile na kuacha tumbo katikati ya kazi ya Kamba, na tumbo hilo lingebaki pale likionwa na kila mtu kwa miaka. Kamba alichovya brashi.

Alianzia ncha ya mbali ili ile ya karibu na mama ibaki hadi mwisho. Huko ndiko ilikokuwa imefikia huruma yake, na inafaa isemwe kwamba ilikuwepo. Brashi ilitembea. Mama alikuwa hatua ya ishirini na nane. Muuguzi alikuwa amenyoosha mikono yote miwili. Brashi ikiinuliwa kabla mstari haujaisha huacha uvimbe ambao haufutiki. Hilo ndilo somo la pili la kazi. Hatua ya thelathini na tatu, mama alisema:

"Ngoja, mwanangu."

Kamba alisikia. Baadaye, alipoulizwa na muuguzi, hakudanganya kwamba hakusikia. Mkono uliendelea kwa mwendo ule ule, ukafika ulipotakiwa kufika, na rangi ya siku hiyo ilikuwa ya kukauka haraka. Fimbo ya mama ilivuka. Mguu ukarudi.

Mama alisimama akishikilia bega la mtu. Aliinama akaukagua mstari, palipochubuliwa na palipozibwa, kama alivyokuwa akikagua sare kabla ya kumkabidhi mwenyewe.

"Hapaonekani palipounganishwa," alisema.

"Ahsante, mama," alisema Kamba, akamrushia fimbo yake.

Mgeni mkubwa alipita saa nane akiwa amelala.

Wiki iliyofuata muuguzi aliuliza rangi, na mama akajibu nyeusi. Wiki ya pili muuguzi hakuuliza. Mama alifariki siku ya Alhamisi barazani, sketi ikiwa kwenye cherehani, imekamilika. Makaburi yalikuwa kushoto. Majirani walibeba jeneza wakafuata barabara, na Kamba alitembea upande wake bega kwa bega nao, mstari ukiwa katikati, mpaka walipokata kona kuelekea makaburini. Yeye alisimama pale. Alilia kwa sauti mbele za watu, na watu wa kulia wakasemezana kwamba kumbe asili yake ni kule kushoto.

Siku ya nane baada ya maziko, alasiri, mama alitoka na kigoda chake akakaa kando ya mstari kama kawaida. Wacheza drafti walimwomba asogee kidogo, alikuwa anawazibia mwanga. Alisogea. Alijaribu kuvuka mara moja, mguu ukamrudia, maana alikuwa amefia kushoto. Tangu hapo alikaa tu. Wazazi walimletea vipimo vya watoto, akawaeleza kwa upole kwamba hashoni tena.

Idara ilimpa Kamba cheti chenye fremu. Mwanzoni mwa mwaka, mafaili ya awamu ya kwanza yaliisha na awamu ya pili ikatangazwa. Kivuko hakikuwemo. Awamu ya pili ilikuwa kuupaka mstari wote upya, kwa rangi ya kudumu miaka kumi.

Kamba alianza stendi saa mbili asubuhi, toroli mbele, rangi mbichi kushoto kwake. Saa saba alifika mbele ya baraza. Mama alikuwa kwenye kigoda chake, miguu ameinyoosha, vidole vyake karibu vinagusa mstari. Alipandisha gauni kidogo.

"Angalia," alisema. "Kimepona."

Kamba aliangalia bila kusimamisha toroli. Kweli kilikuwa kimepona. Ngozi ilikuwa laini, hata kovu hakuna.

"Nimeona, mama. Vuta mguu kidogo."

Mama aliuvuta, akakisogeza na kigoda, asije akamharibia kazi.