Nafasi ya Kivulini

Siku shule ilipofunguliwa, darasa la nne lilikuwa na watoto themanini na wawili kwenye madawati ishirini, na ubaoni palikuwa na maswali matatu yaliyotoka juu. Ulikwenda wapi likizo? Ulijifunza nini? Utabadilika vipi? Huko juu, inaonekana, kila mtoto ana mahali pa kwenda. Mkaguzi angefika saa nne, na majibu yalitakiwa yawe yamebandikwa ukutani.

Mwalimu alipita kati ya madawati akiwa amekunja vidole kuficha malengelenge. Mkataba wake ulikufa kila shule zilipofungwa, na mshahara ukafa nao, lakini tumbo la mwanawe halikujua likizo ni nini. Kwa hiyo wiki tatu alijifunga mtandio hadi machoni, akaenda machimboni kuponda kokoto. Mwalimu mkuu alikwisha kusema kikaoni kwamba atakayeonekana akifanya vibarua vya kuiaibisha shule asijisumbue kurudi. Mkataba mpya ulikuwa mezani kwa mkuu huyo tangu asubuhi, haujatiwa sahihi.

Aliyemtambua ni Sindano, msichana wa miaka kumi aliyepewa jina hilo kwa wembamba wake, ambaye alikuwa akiponda pale na mama yake. Siku ya pili Sindano alikosea kuhesabu ndoo. Mwanamke wa mtandio akasema, "Rudia, polepole," kwa sauti ileile ya darasani, na mtoto akacheka hadi nyundo ikamponyoka. Hakumwambia mtu. Kila asubuhi alimwekea mwalimu jiwe la kukalia chini ya turubai, penye kivuli, na mwalimu akamfundisha kugawanya kwa kokoto zenyewe. Darasani hesabu hizo zilikuwa zimemshinda mwaka mzima.

Mwalimu mkuu aliingia kuchagua karatasi za ukutani. Alizipitia haraka haraka mpaka akafika kwenye moja, akasimama nayo mbele ya darasa na kuisoma kwa sauti.

"Nilikwenda machimboni. Nilijifunza kutafuta ufa kwanza ndipo nipige. Nilijifunza kugawanya. Mwalimu ndiye alinifundisha. Anaponda kuliko mama."

Darasa likaangua kicheko. Mkuu hakucheka.

"Mwalimu, huyu anasema kweli?"

"Anatunga, mkuu."

"Kwa hiyo ni mwongo."

"Ndiyo."

"Basi mfundishe," alisema, akampa fimbo.

Sindano alikunjua kiganja kabla ya kuambiwa. Ngozi yake ilikuwa ngumu palepale ya mwalimu ilipokuwa na malengelenge. Mwalimu alichapa mara tatu, na hakuchapa polepole, kwa sababu mkuu alikuwa anatazama. Alijichukia, na bado akachapa.

Kisha mkuu akaagiza mtoto aandike upya kitu cha maana, kwamba mjomba alimpeleka uwanja wa ndege, kwamba alijifunza mengi kwa mjomba huyo. Sindano hakuwa na mjomba. Aliandika hata hivyo, akaulaza mwandiko vizuri kama alivyofundishwa. Alipopeleka karatasi mezani aliinama karibu na sikio la mwalimu.

"Jumamosi nikuwekee jiwe lako pale kivulini?"

Mkuu alikuwa hatua tatu kutoka pale. Akageuka.

"Sijui unasema nini," mwalimu alisema, kwa sauti ya kusikika. "Nenda ukakae."

Mtoto alimtazama kidogo, kisha akarudi kwenye dawati lake na kujibana kati ya wenzake watatu.

Saa nne kamili mkaguzi aliingia akinukia sabuni. Alitembea kando ya ukuta akisoma safari za bustani za wanyama na za hoteli, akitikisa kichwa kwa kuridhika, hadi akafika uwanja wa ndege. Akauliza ni ya nani, na Sindano akasimama, mikono nyuma.

"Mwandiko safi sana huu," mkaguzi alisema. "Nani amekufundisha?"

Mwalimu alijikuta amesogea nusu hatua mbele. Sindano alimwangalia usoni, mtandio wala vumbi havikuwepo kumficha safari hii, kisha akamgeukia mgeni.

"Mjomba," alisema.