Kisu Chenye Mipini Miwili

Kama hukupata kula nyama aliyoichinja Tsuma wa Mwero, basi ulikula tu, hukufaidi. Simsifii kwa sababu tulikuwa majirani. Waulize watu wa Kinondo, waulize wa Galu, watakwambia mbuzi wa Tsuma alikuwa akifa hana habari. Hapigi kelele, hatoi macho. Yumo anatafuna jani lake la mkunde, mara kwisha.

Na siri yenyewe ilikuwa kisu. Sunna yasema mnyama asionyeshwe kisu, wala kisinolewe mbele yake, maana kumtia hofu ni kumuua mara mbili. Wachinjaji wengine walikificha kisu nyuma ya paja au ndani ya kikoi, na mbuzi si mjinga, alikiona. Cha Tsuma hakikuonekana. Kilikuwa na mipini miwili ya shaba, na ubapa umelala katikati yake. Ukiifumba, mkononi una kipande cha shaba tu, kama kitasa cha sanduku. Ukiitupa kidogo kwa kiganja, mipini inafunguka kama mbawa za kipepeo, inakutana upande wa pili, tak-tak, na ubapa uko nje. Alikipata Kilindini wakati wa vita vikuu, alipokuwa kuli wa bandarini. Mpishi mmoja wa meli, mtu wa Manila, alimpa kwa kuku wawili na chungu cha achari, na akamfundisha kukifungua kwa mkono mmoja huku mkono wa pili umeshika pembe.

Basi kisu hicho kilifanya kazi mpaka ungekionea huruma. Kilichinja, kikachuna, kikapasua ngisi wa chambo, kikakata kamba za makuti, kikachonga mwiko, kikamenya mihogo. Kadzo, mkewe, alikuwa akisema, "Baba Mwanapili, hicho kisu kingejua kuzaa ungeniacha mimi." Naye Tsuma hujibu, "Kwanza hakisemi ovyo." Lakini hakikukata mtu hata siku moja, ila dole gumba la Tsuma mwenyewe, wiki ile ya kwanza alipokuwa akijifunza.

Haya. Ikaja ile miaka ya hali ya hatari. Huko bara watu walikuwa wakipigana misituni, na huku kwetu, ambako ugomvi mkubwa wa mwaka ule ulikuwa juu ya mnazi ulioangukia ua wa watu, serikali ikatuletea Bwana Shauri mpya, mzungu wa kutawala wilaya. Kijana mrefu, mwekundu, mwenye adabu zake, lakini ameambiwa atafute silaha, naye atazitoa wapi? Ikapigwa mbiu: Jumatatu, baraza Diani, kila mwenye silaha ya ajabu aje nayo.

Jumapili yake karani Abdurahman alipita kwa Tsuma kwa makusudi. Alikuwa mtu wa Vanga, mtu mzima, miwani mpaka puani, na ndiye aliyekuwa akimtafsiria Bwana Shauri.

"Mzee Tsuma," akasema alipokwisha kupewa kahawa, "kile kisu chako kimetajwa."

"Na nani?"

Abdurahman akatazama kahawa yake. Hakuhitaji kusema. Mramba alikuwa mchinjaji wa pili pale Kinondo, na Mramba alichinja kwa kisu kipana kama sinia, ambacho mbuzi hukiona tangu kingali mlangoni.

"Nisikilize," akasema karani. "Amri inasema silaha hairuhusiwi, ila mwenye kutumikia ulinzi wa serikali hupewa kibali. Wewe sema kile kisu ni silaha yako, unalindia kijiji usiku. Nitakuandikia kibali kesho hiyo hiyo, utarudi nacho nyumbani. Ukisema ni cha kazi, hawatakuamini. Kinajikunja, kinajificha. Watakichukua."

"Kwa hiyo nikisema ni silaha nitaachiwa, nikisema si silaha nitanyang'anywa?"

"Ndiyo serikali hiyo, mzee. Sikuiunda mimi."

Kadzo akadakia kutoka jikoni, "Sema silaha, Baba Mwanapili! Ulimi hauna mfupa!"

Tsuma akakataa katakata. Na hapa sharti nikueleze, maana watu wengine walimwita mkaidi, na mkaidi alikuwa kweli, lakini alikuwa na neno lake. Baba yake Mwero, alipomkabidhi kazi, alimwambia mchinjaji anaazimwa jina la Mungu kila siku. Watu hawapo anapolitaja, hawamsikii, wanakula kwa kumwamini tu. Siku ulimi ule utakapokamatwa na uongo, hata wa kheri, nani tena atakula? "Nitasema kweli," akasema Tsuma. "Ni chombo cha kazi."

Isitoshe, Idi kubwa ilikuwa miezi mitatu mbele. Kila Idi ya kuchinja mbuzi thelathini, arubaini, walifungwa uani kwa Tsuma tangu alfajiri, na nusu ya Kinondo ilikunywa chai yake ikingoja zamu. Siku hiyo ndiyo iliyomfanya Tsuma kuwa Tsuma. Kuikosa asingeweza.

Jumatatu baraza likajaa. Na uone mambo ya dunia: wanaume sitini walihudhuria, na hamsini kati yao wamekuja na mapanga, maana walikuwa wakitoka au wakienda shamba. Mapanga yameegemezwa kwenye ukuta, mengine marefu kama mkono wangu, na askari akayapita asiyatazame. Mramba alikaa juu ya lake. Panga ni chombo cha kazi, kila mtu anajua. Kunya anye kuku, akinya bata kaharisha.

Zamu ya Tsuma ikafika. Akasalimu, akaweka kile kipande cha shaba mezani, akasema ni kisu cha kuchinjia.

Bwana Shauri akakigeuza geuza, hakujua pa kukifungulia. Akajaribu Kiswahili chake. "Wewe, mzee. Onyesha mimi. Namna gani wewe fanya kazi na hii?"

"Mnyama yuko wapi?" akauliza Tsuma.

"Hapana mnyama. Onyesha tu."

Hapo ndipo mwenzangu alipoharibu. Mtu mwingine angekifungua pale pale, akamenya embe, mambo yakaisha. Lakini Tsuma ameulizwa namna ya kufanya kazi, na kazi ina adabu zake, naye amezifuata miaka mingi mpaka zimeingia mwilini. Jambo la kwanza ni kukificha kisu. Akakitwaa, akakiweka nyuma ya mgongo. Jambo la pili ni kuelekea kibla. Na kibla, kwa bahati yetu mbaya, kilikuwa nyuma ya kiti cha Bwana Shauri. Akamgeukia. Jambo la tatu ni kumliwaza mnyama. Basi akaanza kunyatia polepole, macho chini, huku akinong'ona kwa sauti tamu kabisa, "Tulia, baba, tulia, si kitu, hutasikia maumivu." Akafika mezani, akanyoosha mkono wa kushoto kama anayeshika pembe, akasema, "Bismillahi, Allahu Akbar!" na nyuma ya mgongo tukasikia tak-tak.

Lo! Bwana Shauri alikwenda na kiti chake. Miguu ilikuwa juu, kofia iko kwenye michongoma. Askari alikuwa akitafuta risasi mfukoni, akatoa ufunguo. Wale sitini tulicheka mpaka wengine wakalala chini, na kicheko kile ndicho kilichomwokoa Tsuma asifungwe, maana Bwana Shauri alipoinuka na kutuona tunavyofuta machozi, alijua hakuna njama. Lakini alikuwa amekuwa mwekundu zaidi ya alivyoumbwa. Akasema neno moja kwa Kiingereza, na karani Abdurahman akaandika: silaha ya hatari sana. Kisu kikaingia kwenye mkoba.

"Chombo cha kazi," Kadzo akamwambia usiku ule.

Miezi ile mitatu Tsuma alichinja kwa kisu cha jikoni. Watu hawakumkimbia. Walimwonea huruma, wakamletea mbuzi vilevile, wakasema mkono ni ule ule. Lakini yeye aliona aibu. Mbuzi wakaanza kumtazama. Mmoja alilia mpaka mtoto mchanga wa jirani akaamka, na Tsuma akakaa kando, akaomba radhi kwa mnyama aliyekwisha kufa. Alikuwa akitia mkono mfukoni kutafuta shaba ile, anakuta tumbaku.

Siku kumi kabla ya Idi akaitwa. Bwana Shauri alikuwa akihama, anafunga vitu. Akampokea Tsuma kwa tabasamu, akampa mkono, akafungua mtoto wa meza, na kisu ndicho kile, kinang'aa. Akaanza kusema kwa lugha yao, na Abdurahman akawa akifasiri.

"Anasema anakuomba radhi. Anasema ulisema kweli, yeye hakujua. Tangu siku ile kisu kimekaa mezani kwake na amekitumia kwa kila kitu. Anafungulia barua. Anachonga penseli. Alikatia kamba ya hema. Anasema hajapata kuona chombo cha kazi kama hiki." Bwana Shauri akaendelea, anacheka, anaonyesha kwa vidole jinsi anavyokata kitu chembamba. Karani akaacha kufasiri.

"Anasema nini?"

"Anasema... asubuhi anakatia nyama ya chai yake. Kisu cha mpishi wake hakikati vyembamba hivyo."

"Nyama gani?"

"Mzee Tsuma, chukua kisu chako uende zako. Nakusihi."

"Abdurahman. Mimi ndiye ninayewaambia watu nini wale na nini wasile. Nyama gani?"

Karani akavua miwani, akaifuta. "Nguruwe," akasema.

Tsuma akasimama vile vile, na Bwana Shauri akadhani ni furaha imemzidi. Akampa na karatasi yenye mhuri mkubwa, ameiandika mwenyewe: kwamba kisu hiki ni chombo cha kazi, na mtu yeyote asimsumbue mwenyewe. Tsuma akakipokea kisu kwa ncha ya kikoi. Akashukuru. Angefanya nini?

Sasa, sheria yetu si ngumu. Najisi ya nguruwe huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo, na kitu kikawa safi kama kilivyokuwa. Angekwenda zake ufukweni Galu, akaosha peke yake, akarudi anapiga mluzi. Asingekuwa amesema uongo wowote. Lakini Tsuma aliona kwenda kujificha ni nusu ya uongo, na nusu yake ilimtosha kuogopa. Akaoshea uani, kisimani, mchana kweupe, tena kwa kuhesabu kwa sauti ili asikosee.

Kadzo alikuwa akipepeta mchele. Aliposikia "tatu" aliinua kichwa. Aliposikia "nne", na akamwona mumewe anachota udongo, ungo ukasimama. Hakuna mke wa Kinondo asiyejua nini huoshwa mara saba.

"Baba Mwanapili," akasema polepole, "ni mbwa au ni yule mwingine?"

"Yule mwingine," akasema Tsuma. "Tano."

Na nyuma ya ua wa makuti alikuwako Dama, jirani, anaanika nguo. Basi, yameshafika Msambweni.

"Kitupe baharini," Kadzo akamwambia usiku ule, na sauti yake haikuwa ya utani tena. "Mtu wangu, kitupe. Chukua kile cha jikoni, wataona umekitupa, watakuja. Idi hii."

"Nimekiosha saba. Sheria imesema ni safi. Nikikitupa nitakuwa nimesema sheria haitoshi."

"Sheria inatosha. Watu ndio hawatoshi."

Akakataa. Ijumaa akamwendea Shehe Haji, imamu wetu, akamweleza yote. Shehe Haji alikuwa mtu wa haki. Baada ya swala alisimama akasema kisu cha Tsuma ni twahara, na mwenye kutia shaka katika lililo wazi anajipa wasiwasi wa shetani. Msikiti mzima tukaitikia, "Sadakta, Shehe, umesema kweli." Tukamshika Tsuma mkono mmoja mmoja. Mimi pia nilimshika. Nilimwambia, tutaonana Idi, inshallah.

Idi ikaja. Tsuma aliamka kabla ya adhana, akafagia ua, akapigilia vigingi arubaini, Kadzo akabandika birika kubwa. Karatasi ya serikali ameitia mfuko wa kanzu, imekunjwa vizuri. Tukaswali, tukapeana mikono, tukatawanyika. Yeye akarudi nyumbani mbio, akaketi kwenye kigoda, akakifungua kisu, tak-tak, akakifumba. Jua likapanda. Upande wa kwa Mramba mbuzi walikuwa wakilia kwa hofu, kelele kama mnada, na Tsuma akizijua sauti zao: yule wa Fondo, yule wa Chirau, wangu mimi, Mungu anisamehe. Kisha akasikia kengele huko huko. Kinondo nzima mbuzi mwenye kengele alikuwa mmoja tu, na alikuwa wa Shehe Haji.

Akatoa ile karatasi, akaisoma tena. Kisu pekee katika wilaya nzima kilichoandikiwa kwa mhuri kwamba ni chombo cha kazi.

Kadzo akatoka jikoni. Mkononi alikuwa na sinia, akaliweka miguuni pake bila kumtazama usoni. Ilikuwa mihogo.

"Na jogoo wetu?" akauliza Tsuma. "Nimchinje kwanza."

"Jogoo nimempeleka asubuhi," Kadzo akasema, na machozi yalikuwa yakimtoka. "Kwa Mramba. Nisamehe, Baba Mwanapili. Mimi nilikuhesabia, mume wangu. Nilisikia zote saba."

Tsuma akakifungua kisu, tak-tak. Akachukua muhogo wa kwanza, akaanza kumenya.