Neno la Rede

Neno hilo Mukunde alitoka nalo Bukoba, alikolelewa, akaingia nalo Kigali pasipo kulipima. Katika mchezo wa rede, mtoto aliyepigwa na mpira husemwa amekufa. Basi alipowafundisha besiboli wanawake tisa wa Gikondo, nyuma ya maghala, hakutafuta neno jingine.

"Mrushaji anarusha, mpigaji ana gongo. Ukikosa mara tatu, umekufa. Ukiupiga, kimbia vituo vitatu, kisha urudi nyumbani, pale ulipoanzia. Hapo tunapata alama. Ukiguswa na mpira ukiwa nje ya kituo, umekufa. Wakifa watatu, tunabadilishana zamu."

"Mugeni, unashika gongo kama mwiko wa ubugari!" Annick alimtania mwenzake, nao wakacheka wote ila Spéciose.

Huyu alikuwa mshonaji wa nguo, mwenye umri wa karibu miaka hamsini, na mpigaji wao hodari. Mazoezi yalipokwisha alimwendea Mukunde pembeni.

"Mwalimu, hii neno mimi sitaki. Mwaka ile ya 1994 wauaji walisimama mlango ya kwetu, wakahesabu: huyu amekufa, huyu amekufa. Mimi nilikuwa chini ya maiti, nimelala kama mimi pia nimekufa. Na jina yangu wakaihesabu."

Mukunde aliinamisha kichwa. "Nisamehe, mama. Tutasema 'ametoka'."

"Walianza na 'tokeni'."

Mukunde aliwatazama wachezaji wake. Bila Spéciose wangebaki wanane, na wanane si timu. Mechi ya Jumamosi ingepotea kabla ya kuchezwa. Lakini lililomchoma zaidi ni kwamba mama huyu alikuwa ameanza kucheka uwanjani, naye Mukunde ndiye aliyemkatiza kicheko.

Alikumbuka alivyosoma kwamba Waamerika wa kale nao walimtupia mkimbiaji mpira mwilini, kama watoto wa rede, hata chama kimoja cha New York kilipoandika kanuni zake mwaka 1845 na kulikataza jambo hilo. Ikiwa wao waliuondoa mpira mwilini mwa mtu, yeye angeshindwaje kuliondoa neno kinywani?

"Kuanzia leo," aliwaambia wote, "atakayeguswa ataonyeshwa ngumi iliyoinuliwa. Kimya."

"Hapo nitacheza," alisema Spéciose.

Jumamosi walikutana na timu ya Niboye. Katika zamu ya tisa, ya mwisho, Gikondo walikuwa nyuma kwa alama moja. Wawili walikwisha kuondolewa, na Spéciose alisimama kituo cha tatu. Mugeni akaupiga mpira chini chini. Spéciose akachomoka mbio kuelekea nyumbani. Hatua moja kabla ya kufika, mdakaji wa Niboye akamgusa begani kwa mpira.

Mwamuzi alikuwa Shyaka, ambaye Mukunde mwenyewe alimfundisha kanuni mwaka uliopita. Mukunde alikuwa amewakanya wanawake wake wote tisa, akamsahau Shyaka.

"Amekufa!" alipaza sauti Shyaka, kama alivyofundishwa.

"Amekufa! Amekufa!" waliitikia wa Niboye kwa shangwe.

Spéciose alianguka kifudifudi, mikono chini ya kifua, asitikisike. Mmoja wa Niboye alicheka, akidhani ni mzaha.

Mukunde alipiga magoti. "Mama, inuka. Mchezo umekwisha."

"Wameenda?" Ilikuwa sauti ya mtu anayeogopa kusikiwa.

Mukunde aliketi vumbini kando yake, asithubutu kujibu hadi mchezaji wa mwisho wa Niboye alipopanda basi.

"Wameenda, mama."

Spéciose hakuinuka.