Kikombe cha Maganda ya Vitunguu

Mafua yalikuja yakaondoka, lakini yaliondoka na pua ya Mama Maua. Pua yenyewe ilibaki pale pale usoni, nzuri tu, ila ilikuwa pambo. Aliinamia kopo la asumini kavu, akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda, akaambulia vumbi na chafya mbili. Akafungua kopo la waridi. Kimya. Akafungua la maua ya mchungwa, ambalo siku zote lilimpiga puani kabla kifuniko hakijatoka sawasawa. Kimya vile vile.

Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa jambo la kulalamikia wiki mbili kisha kusahau. Kwa Mama Maua lilikuwa balaa. Miaka kumi na mitano alikuwa akichanganya chai za maua jikoni kwake, na mtaa mzima ulijua kwamba ukitaka chai ya kukutuliza au ya kukuamsha, mlango ni ule wa kijani. Na sasa mpishi mkuu wa hoteli mpya alikuwa amemwomba mchanganyiko mmoja wa kupokelea wageni, uwe tayari baada ya wiki mbili, siku ya Jumamosi. Maagizo yake yalikuwa mafupi.

"Sitaki chai ya kusifiwa," alisema. "Nataka mgeni akimaliza kikombe, macho yake yatafute birika."

Daktari alimwambia pua inaweza kurudi baada ya mwezi, au mwaka, au isirudi kabisa. Akamshauri apumzike. Mama Maua alimshukuru kwa adabu zote, akapitia sokoni kununua waridi.

Ulimi wake ulikuwa bado unafanya kazi nusu. Ulijua uchachu wa rosela, ulijua uchungu wa kamomili iliyosahauliwa majini, basi. Kile kinachopanda puani ukishameza, ambacho ndicho chai yenyewe, hakukipata. Kwa hiyo akaamua kuazima pua. Ya karibu ilikuwa ya mumewe, fundi saa, mtu mpole anayeweza kukaa na skrubu moja asubuhi nzima bila kutoa sauti. Kila siku kabla hajatoka kwenda kazini alimwekea kikombe, na kila siku mume alikunywa, akafumba macho, akasema, "Hapa umepatia, mke wangu."

Siku ya kwanza Mama Maua alifurahi. Ya pili alifurahi kidogo. Ya tatu alianza kutia shaka, maana hata yeye na ulimi wake nusu alijua kwamba ile chai ilikuwa chungu. Siku ya nne akachemsha maganda ya vitunguu. Yalitoa rangi nzuri ya dhahabu, akayachuja, akamletea mume kwenye kikombe cha wageni.

Fundi saa akanywa. Koo lilisita kidogo, kisha likameza. Akafumba macho.

"Leo," alisema, "umevunja rekodi."

"Ni maganda ya vitunguu, mume wangu."

Maskini, alijitetea kadiri alivyoweza: alidhani ni ua jipya, hakutaka kumvunja moyo, na kwani hajateseka vya kutosha? Mama Maua alikasirika hasa, tena alikasirika zaidi kwa sababu hakuwa na la kumlaumu. Mwanamume alimpenda, ndilo kosa lake. Yeye alihitaji mtu asiyemwonea haya wala huruma, na ikiwezekana asiyempenda sana. Hakuhitaji kutafuta mbali. Mama mkwe wake alikaa nyumba ya pili tu, ghorofa ya juu.

Mama mkwe huyo watu walimwita Bi Shoka, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Aliwahi kumwambia daktari wa meno, yeye mwenyewe akiwa kwenye kile kiti, kwamba aanze kwa kusafisha ya kwake. Na Mama Maua, siku alipoletwa nyumbani kama mchumba, Bi Shoka alimtazama juu mpaka chini akasema, "Haya, tutaona." Miaka yote hiyo alikuwa bado anaona.

"Pua yangu imekufa, Mama," Mama Maua alimwambia mlangoni, mikononi ana trei yenye vikombe vitatu. "Nimekuja kuazima ya kwako."

"Kwani mwanangu hana pua?"

"Anayo. Hana mdomo."

Bi Shoka alikaribia kucheka, akajizuia. Akaonja cha kwanza, akakunja uso. Akaonja cha pili, akakirudisha kwenye trei kwa kishindo.

"Hiki ni kitunguu. Unanipima?"

"Ndiyo, Mama."

"Vizuri. Kaa chini."

Kuanzia hapo Mama Maua alipanda zile ngazi kila siku saa nne asubuhi na daftari kwapani. Chai moja iliambiwa inanuka kabati la nguo, akapunguza waridi. Nyingine iliitwa maji ya kuoshea vyombo, akaongeza rosela. "Humu kuna ua linalopiga kelele, wenzake hawasikiki," alisema Bi Shoka, na Mama Maua akaandika: asumini. Hakubisha hata mara moja. Alirudi nyumbani, akapima upya kwa kijiko kile kile, akachemsha, akamwaga, akachemsha tena.

Alhamisi, siku mbili kabla ya ile Jumamosi ya mpishi, Bi Shoka alionja vyote vitatu akasema, "Umerudi nyuma." Mama Maua alifunga daftari, akaaga vizuri, akafika katikati ya ngazi akaketi na kulia kwa sauti.

Ijumaa, kabla hajatoka, alikumbuka kwamba ngazi zile zina mwangwi. Akachemsha maganda ya vitunguu.

Bi Shoka alionja cha kwanza polepole. "Kizuri." Akaonja cha pili. "Kizuri sana." Akaonja cha tatu, akamwekea mkono begani. "Umefika, mwanangu. Mpelekee mtu wako."

Hakuwa amewahi kumwita mwanangu. Neno lile lilimchoma Mama Maua kifuani, na alitamani mno kulichukua na kwenda nalo nyumbani.

"Cha pili ni kitunguu, Mama," alisema.

Bi Shoka akaondoa mkono. "Najua. Pua yangu haina kasoro."

"Sasa kwa nini?"

"Nilikusikia jana. Mimi si jiwe."

"Nililia, ndiyo. Lakini leo si nimerudi?" Sauti ilimpanda, hakuishusha. "Wenye kunihurumia ninao, Mama. Mwenye kuniambia kweli ni wewe peke yako. Ukiniacha na wewe, nimekwisha."

Bi Shoka alimtazama juu mpaka chini, kama ile siku ya kwanza. Kisha akavuta kikombe cha tatu, akanywa upya.

"Kibaya," alisema. "Asumini gawa nusu. Kamomili toa kabisa, inalaza watu. Na lile ua la mchungwa mbona unalificha? Jiko lile pale."

Makopo yalikuwa kwenye kikapu alichokuja nacho. Mama Maua alipima, akaacha maji yatulie baada ya kuchemka, akamimina, akafunika birika kwa sahani, akahesabu dakika tano kwa saa ya ukutani. Hakusikia harufu yoyote. Akajaza kikombe nusu, akakisogeza.

Bi Shoka alikunywa. Mama Maua hakuangalia mdomo, aliangalia macho. Kikombe kilishuka mezani kitupu. Macho yakahama, yakapita daftari, yakapita kikapu, yakatua kwenye birika.

"Mbona umenipimia kama mgonjwa?" Bi Shoka aliuliza.

Mama Maua akammiminia huku bado anamtazama macho, hata chai ikafurika na kumwagika kwenye kitambaa cha meza.

"Na kitambaa changu utakifua mwenyewe."

"Nitakifua, Mama," alisema Mama Maua, akaendelea kumimina.